Mkeka Usiokunjwa

Fundi wa tatami hushona kwa mkono, lakini hukaza kwa kiwiko. Akishapenyeza shazia na kuichomoa upande wa pili, huuzungusha uzi kiganjani, hubana kiwiko kwenye ukingo wa mkeka, kisha huuvuta uzi kwa uzito wa bega zima. Uzi hulia mara moja, mlio mfupi na mkavu, halafu hutulia. Anasogea kidogo, anachoma tena. Kiwiko na kiganja huvishwa kinga, maana ngozi tupu isingeivumilia kazi hii mpaka jioni.

Mgeni anayefika Japani kwa mara ya kwanza hakioni kiwiko hicho. Anachokutana nacho ni makatazo. Vua viatu mlangoni. Ukifika chumba cha mikeka, vua na ndara ulizopewa. Usikanyage pindo. Usiburute sanduku lenye magurudumu. Usisimame juu ya mto wa kukalia. Wengi huyashika kwa woga, kama mtu anayepita gizani akihofia kuangusha vyombo. Mimi naamini woga huo hauna sababu. Adabu hizi zimechipuka kwenye mkeka wenyewe: katika namna unavyolimwa, unavyofumwa, unavyoshonwa. Anayeujua mkeka hahitaji kukariri orodha. Mguu wake utajua pa kukanyaga.

Sisi watu wa mikeka tuna pa kuanzia. Mkeka wa pwani yetu husukwa kwa vidole: ukindu huchanwa, hutiwa rangi, husukwa ukili mrefu, kisha ukili hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka upana utoshe. Ni mwepesi. Hutandikwa, hukunjwa, huegemezwa ukutani. Tatami ni ndugu yake wa mbali aliyeamua kutulia mahali pamoja. Jina lake limetoka kwenye kitenzi tatamu, yaani kukunja au kupanga kitu juu ya kitu, kwa kuwa hapo kale nayo ilikuwa mikeka myembamba ya kukunjwa na kurundikwa. Leo haikunjwi. Ina unene wa sentimita 5 na nusu hivi, na ile ya asili huweza kufikia kilo 30. Ni mkeka uliogeuka sakafu.

Ndani yake mna sehemu tatu. Kiini huitwa toko: mabua makavu ya mpunga yaliyopangwa kwa tabaka za kukingamana, rundo la kimo cha sentimita 40 hivi, likashindiliwa na kushonwa hadi likabaki kama 5. Juu ya kiini huvishwa omote, uso uliofumwa kwa nyasi. Pande mbili ndefu hufungwa heri, pindo la kitambaa. Mambo matatu tu. Lakini kila moja lina mtu wake, na watu hao huenda wasikutane maisha yao yote isipokuwa mikononi mwa fundi.

Tuanze na nyasi. Huitwa igusa, nayo humea majini. Bua lake ni la mviringo, jembamba, laini, halina kifundo wala jani pembeni. Shamba lake ukiliona kwa mbali utadhani ni mpunga uliosahau kutoa masuke. Sehemu kubwa kabisa ya igusa inayolimwa Japani hutoka mkoa wa Kumamoto, kwenye kisiwa cha Kyushu, hasa eneo la Yatsushiro. Simulizi za huko humtaja bwana wa ngome aliyeitwa Iwasaki Tadahisa kuwa ndiye aliyeanzisha kilimo hicho mwaka 1505.

Igusa hupandwa wakati watu wengine wameacha mashamba yapumzike. Mwezi wa Novemba na Desemba wakulima huingia kwenye maji baridi na kupandikiza miche. Mwezi wa Mei hukata ncha zake, jambo ambalo asiyejua angeliona hasara. Ncha zikikatwa, jua hufika chini na machipukizi mapya huinuka, na hayo mapya ndiyo yatakayovunwa. Yanaporefuka, hutandazwa wavu juu ya shamba zima. Kila bua hupita kwenye tundu lake na kuendelea kupanda wima, kwa sababu bua lililolala hupinda, na bua lililopinda halifumiki vizuri. Mavuno huanza mwishoni mwa Juni na kuingia Julai, katika majira ya mvua na joto, na watu huwahi shambani alfajiri kabla jua halijazinyausha nyasi.

Kinachofuata ndicho kinachonishangaza kuliko vyote. Nyasi hizo za kijani kibichi, zilizolindwa miezi yote zisichafuke wala kupinda, huvunwa na papo hapo kuchovywa kwenye maji ya tope. Ni udongo mlaini wa asili uliokorogwa, nao hulivika kila bua ngozi nyembamba isiyoonekana. Ngozi hiyo huzifanya nyasi zikauke kwa usawa, hulinda rangi isififie upesi, na huamsha harufu. Kisha hukaushwa kwa hewa ya moto kwa saa nyingi na kuhifadhiwa mbali na mwanga. Kwa hiyo ile harufu ambayo kila mgeni huisifu anapoingia chumba chenye tatami mpya ni ya nyasi na udongo kwa pamoja. Mtu anasifu shamba bila kujua.

Mabua hupangwa kwa urefu kabla ya kufumwa. Kila bua lina shina lililopauka na ncha iliyokauka. Katikati tu ndipo penye rangi moja na unene mmoja. Ukitumia mabua mafupi, shina na ncha vitaonekana juu ya mkeka. Ukitumia marefu, vitaangukia pembeni, vikatwe au vifichwe, na uso mzima ubaki wa ile sehemu ya katikati. Ndiyo maana omote bora hugharimu zaidi: mnunuzi amelipia na urefu ambao hatauona kamwe.

Kwenye kitanda cha mfumi, mtande ni uzi wa pamba au katani, na mshindio ni igusa yenyewe. Zamani watu wawili walikaa kwenye kitanda kimoja, mmoja akiingiza bua, mwenzake akigandamiza. Siku hizi mashine hufanya kazi hiyo, lakini jicho la kuchagua mabua bado ni la binadamu. Uso wa mkeka mmoja hula mabua 4,000 hadi 5,000, na ule wa daraja la juu huweza kufikia 7,000. Hukazwa kiasi kwamba mtande hauonekani tena. Huonekana vijituta tu, mistari myembamba inayokwenda sambamba kutoka ukingo hadi ukingo. Wajapani huviita me, yaani macho. Kwenye sherehe ya chai, mwandaaji huhesabu macho hayo ili ajue pa kuweka kila chombo. Mkeka wake ndio rula yake.

Sasa uso umekamilika, kiini kimekamilika, na fundi amefika nyumbani kwa mteja kupima. Hapa ndipo ufundi wa kweli unapoanza, kwa sababu hakuna chumba kilicho mraba. Nyumba ya mbao hukaa, huegemea, hunywea upande mmoja. Ukuta unaoonekana umenyooka umepinda kwa upana wa kidole. Fundi huvuta kamba katikati ya chumba, moja kwa urefu na moja kwa upana, zikutane kwa pembe kamili, kisha hupima kutoka kwenye kamba hadi kila ukuta na kuandika kila upungufu na kila ziada. Akirudi karakanani hukata kila mkeka kwa ajili ya mahali pake. Chini yake huandika alama ya kuonyesha unakolala. Mikeka miwili unayoiona kama mapacha haiwezi kubadilishana nafasi; mmoja utabana, mwingine utaacha mwanya. Macho ya mgeni huona mistatili iliyolingana. Mikono ya fundi inajua kwamba usawa ule umetokana na vipande visivyolingana, kila kimoja kikiwa kimekubali kasoro ya ukuta wake.

Vipimo vyenyewe hutofautiana kati ya eneo na eneo ndani ya Japani. Mkeka wa Kyoto ni sentimita 191 kwa 95 na nusu. Wa Tokyo ni 176 kwa 88. Yote miwili urefu wake ni upana mara mbili, na hilo ndilo linaloiwezesha mikeka kupangwa kwa kila namna. Lakini chumba cha mikeka sita cha Kyoto kinakizidi cha Tokyo kwa zaidi ya mkeka mmoja mzima wa Tokyo. Hata hivyo, mpaka leo mtu anayetafuta nyumba ya kupanga huambiwa ukubwa wa chumba kwa idadi ya mikeka, hata kama chumba hicho kina sakafu ya mbao. Katika matangazo ya nyumba, mkeka mmoja hauruhusiwi kuhesabiwa chini ya mita za mraba 1.62. Kumbe mkeka unaweza kuondoka na kuacha kipimo chake nyuma.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika hazina ya Shosoin, mjini Nara, yamehifadhiwa mabaki ya tatami ya kitanda cha Mfalme Shomu wa karne ya 8. Enzi zile na zile zilizofuata, sakafu za wakubwa zilikuwa mbao tupu, na tatami ilitandikwa pale tu alipokaa mtu wa heshima. Rangi na nakshi za pindo zilitangaza cheo chake. Macho yalisoma pindo kabla ya kusoma uso. Baadaye mikeka ikaanza kusogeleana mpaka ikajaza chumba. Huko Kyoto, kwenye eneo la hekalu la Ginkakuji, kipo chumba kidogo kiitwacho Dojinsai, cha mwishoni mwa karne ya 15, chenye mikeka minne na nusu. Ni miongoni mwa vyumba vya kwanza vya namna hiyo vilivyosalia. Karne iliyofuata, Sen no Rikyu, bingwa wa chai, alikipunguza chumba hata kikabaki mikeka miwili, katika kibanda kiitwacho Taian ambacho bado kimesimama karibu na Kyoto. Wajapani wana msemo kwamba mtu aliyeketi anahitaji nusu mkeka, na aliyelala anahitaji mmoja. Nauona kuwa msemo wa fundi hasa, kwa maana hakuna anayejua ukubwa halisi wa binadamu kuliko yeye.

Turudi karakanani, kwani mshono unasubiri. Fundi huvuta omote juu ya kiini, huibana ncha fupi kwanza, akihakikisha macho yamenyooka kama mistari ya daftari. Kisha hulaza pindo upande mrefu, hulishona, hulikunja kufunika mshono ule, na kushona tena ubavuni. Pindo lina upana wa kama sentimita 3 juu ya mkeka, na lazima lifuate jicho moja tangu mwanzo hadi mwisho. Likiteleza jicho moja tu, mgeni hataweza kusema kilichoharibika, lakini atahisi chumba kimeyumba. Na pindo lenye nakshi lina mtihani zaidi: maua ya mkeka huu yakutane na maua ya mkeka wa jirani, nusu kwa nusu, kana kwamba kitambaa hakikuwahi kukatwa.

Halafu huja kutandika. Nyumbani, mikeka hupangwa ili pembe nne zisikutane mahali pamoja. Mistari hufanya umbo la herufi T, na mpangilio huo huhesabiwa kuwa wa heri. Pembe nne zikikutana, chumba huwa kimepangwa kama ubao wa bao, na mpangilio huo zamani uliachiwa misiba. Hadi leo huonekana kwenye kumbi kubwa za mahekalu. Fundi hushusha mkeka kwa ndoana, huukanyaga taratibu kwa soksi, husikiliza unavyoingia. Ukiingia kwa kishindo umelegea. Ukikataa kuingia umebana. Unaotakiwa hushuka polepole, hewa ikitoka pembeni, kama mtu anayeketi baada ya safari.

Baada ya hayo yote ndipo mgeni hubisha hodi. Naye Mjapani ana hodi yake: anayeingia kwa watu husema ojama shimasu, yaani nakuja kuwasumbua. Anavua viatu kwenye genkan, sehemu ya chini kidogo kuliko sakafu ya nyumba, na kuvigeuza vielekee mlango. Mswahili haoni ajabu hapo. Naye huacha viatu nje. Ajabu huja hatua ya pili, anapoziacha na ndara kwenye kizingiti cha chumba cha mikeka. Lakini aliyesimuliwa habari za tope na wavu na mabua 5,000 haulizi kwa nini. Soli ngumu ya ndara husugua mabua yakachanika. Gurudumu la sanduku huyavunja. Soksi safi huyasugua tu yakang'aa.

Na pindo? Zamani lilibeba cheo, na katika nyumba nyingine alama ya ukoo. Kulikanyaga kulikuwa kukanyaga jina la mwenye nyumba. Sababu hiyo yatosha, lakini ipo nyingine iliyo ya mkono zaidi: pindo ni kitambaa, nacho ndicho huchakaa na kufifia kabla ya uso, na chini yake ndipo ulipo mshono unaoshikilia mkeka wote. Kuruka pindo ni kumwonea huruma aliyekaza kwa kiwiko. Mtoto wa Kijapani aliyekulia kwenye nyumba ya namna hiyo hujifunza kupima hatua yake bila kuangalia chini.

Chumba chenyewe hakina kazi moja. Asubuhi huwekwa meza ya miguu mifupi, watu wakala. Mchana meza huondolewa, mtoto akacheza. Usiku magodoro ya futon hutolewa kabatini na kutandikwa, chumba kikawa cha kulala. Alfajiri yakakunjwa tena. Kisichobadilika ni mkeka tu. Unapopiga magoti juu yake unatambua kuwa nyumba nzima imejengwa kwa ajili ya macho ya mtu aliyeketi chini: dirisha, picha iliyotundikwa kwenye tokonoma (kishubaka cha mapambo), kikombe cha chai. Mgeni wa heshima huketishwa karibu na tokonoma hiyo, na mto hukaliwa pale anapokaribishwa.

Mama wa nyumba huufagia mkeka kufuata njia ya mabua, kamwe si kuyakata. Zamani wengi walinyunyiza majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yakiwa bado na unyevu, yakanasa vumbi, kisha yakafagiwa pamoja nalo. Mguu wa meza ukiacha kishimo, huwekwa kitambaa kilicholowa na kupitishwa pasi ya moto. Mvuke huyainua mabua yakarudi mahali pake. Ndani ya kila bua mna nyama laini kama sifongo, inayovuta unyevu siku za mvua na kuuachia hewa inapokauka, na kwa hiyo chumba hupumua pamoja na majira. Kijani huenda kikigeuka dhahabu. Miaka mitatu hadi mitano ikipita, fundi huitwa, huibandua omote na kuigeuza, kwa kuwa imefumwa kuwa na nyuso mbili, na upande wa chini haujaona jua. Upande huo nao ukichoka, huvishwa uso mpya juu ya kiini kile kile. Kitu hiki kimebuniwa tangu mwanzo kirudi kwa fundi.

Siku hizi hurudi kwa wachache. Nyumba nyingi mpya zina chumba kimoja cha tatami au hazina kabisa. Viini vingi sasa ni vya mbao zilizosagwa na povu la plastiki, vyepesi na rahisi. Nyuso nyingi hufumwa kwa igusa kutoka China, nyingine kwa karatasi iliyosokotwa. Yatsushiro, ambako wakulima wa igusa walikuwa maelfu, wamebaki mamia. Mwaka 2020 UNESCO iliuingiza ufundi wa tatami katika orodha ya urithi wa binadamu, pamoja na stadi nyingine za kutunza majengo ya mbao ya Japani, zote 17. Heshima hiyo inastahili. Lakini urithi huu hulindwa hasa na mtu anayeamua chumba kimoja cha nyumba yake kibaki na mikeka.

Mwaka 2016 tetemeko liliipiga Kumamoto, mkoa wa igusa wenyewe. Watu waliopoteza makazi walilala kwenye sakafu ngumu za kumbi na shule. Mafundi wa tatami kutoka sehemu nyingine za nchi waliwapelekea mikeka mipya. Walijua kwamba sakafu huwa ya umma mpaka itandikwe mkeka. Ukishatandikwa, mtu huvua viatu, hukaa, na hapo panakuwa kwake.

Hilo ndilo ninalotaka mgeni aliweke moyoni anaposimama kwenye kizingiti. Mishono iliyo chini ya pindo haikushonwa ili aione. Atakayeiona ni fundi mwingine, miaka mingi baadaye, atakapouinua mkeka kwa ndoana, aupindue, asome alama iliyoandikwa chini, na apitishe kidole kwenye uzi kuona ulikazwa namna gani. Kati ya fundi yule na huyu, kazi hiyo iko chini ya miguu yetu. Basi tuinue mguu, turuke pindo, tukae.